Bendeji ya Odongo

Mama Wafula,

Pokea salamu, na Krismasi njema huko Khunyangu. Mimi hapa Malaba, kwa mwanetu Wafula, nina hasira.

Mjukuu wetu Opio ametoka hospitali baada ya kupasuliwa ngiri, tumbo limefungwa bendeji. Pacha wake Odongo kuiona tu, kilio: na yeye anataka! Akakataa chakula. Opio naye akakataa, kwa sababu hao wawili hawali mbalimbali. Nikisogea, Wafula anasema, "Baba, usiguse watoto na mikono ya shamba." Mikono iliyomlea yeye! Iliyomfunga mguu uliovunjika fahali wa chifu mpaka akatembea!

Nikapasua shati langu la kanisa, nikamfunga Odongo tumbo vizuri kabisa. Wote wakanywa uji.

Leo sista wa hospitali amekuja kumtoa Opio nyuzi. Akamlaza Odongo, akafungua, akashangaa. "Mzee, huyu amepona hata kovu hana!" Wafula akacheka mpaka akakaa chini. Anamcheka baba yake! Kosa ni la sista, hajui mapacha.

Lakini Opio pia alicheka, ameshika tumbo, halafu akasimama peke yake, mara ya kwanza tangu apasuliwe. Akanijia akitaka mguu wa yule jogoo uliyenipa. Nikampa. Wa pili nikampa Odongo. Mimi nimekula shingo, na hasira bado ninayo.

Nishonee shati lingine, mama. Mungu akutunze mpaka nikuone.

Mume wako, dume la Khunyangu