Ukunje Ule Msala

Uskoti, Jumatano, baada ya alasiri

Kwa mume wangu, Baba Shabani, Mbegani.

Assalaamu alaykum, na shikamoo mume wangu. Goti la kushoto vipi? Bado unapanda ngazi za msikiti kwa kushika ukuta, au umekubali kutumia ile fimbo niliyokuachia nyuma ya mlango? Usiniambie hujambo kama unaumwa, mie si mgeni wako. Huku mwili wangu mzima, nakula, nalala, kile kikohozi cha mwanzo kimeshakwenda zake. Moyo ndio hauko sawa, na moyo ndio uliofanya nikae nimwambie Zuhura achukue kalamu.

Isome peke yako. Anayeandika ni huyo Zuhura, binti wa Tanga aliyeolewa huku, mkalimani wangu. Mie nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asinipambe maneno. Anayeileta ni shemeji yake. Nimemkataza kuiacha Kerege kwa binti yetu Mwanaidi, maana Mwanaidi ataifungua kabla hajampa mgeni maji. Aje nayo mpaka Mbegani, akupe mkononi.

Utasema, si ungepiga simu. Nilipiga, baba. Juzi, nilipokwambia uukunje ule msala niliowaletea kwa sababu rangi yake itatoka. Simu yako unaiweka sauti kubwa kama redio ya kinyozi, baraza nzima inasikia. Ukacheka, ukasema rangi haitoki, mmeshaufuta kwa kitambaa kibichi mkaona, na Maalim anasali juu yake kila siku, anasema rangi ya asali namna ile hajapata kuiona. Kisha nikamsikia Mzee Kombo nyuma yako anasema, "Mwambie asuke na wa kwangu." Mzee Kombo! Nikakata simu. Mkadhani mtandao.

Rangi si neno. Nilikudanganya, na nilikudanganya mbele za watu bila wewe kujua. Sasa nikueleze lilivyo.

Wakati wa kuondoka unakumbuka maneno yaliyosemwa. Yule mama Mzungu aliyekuja kununua mikeka hakutuficha kitu. Alisema wazi kwamba kiwanda chao ni cha wiski, na kwamba kila mwaka wanawaalika wasanii kutoka nchi mbalimbali, wanawapa nyumba na chakula, kila mtu afanye kazi ya mikono yake hapo kiwandani na kuwafundisha wengine. Mzee Kombo akasema pale barazani kwamba mke wa mwadhini anakwenda kuwa mama pima wa pombe uzeeni. Nawe ukasimama na goti lako bovu ukawaambia, "Mke wangu anakwenda kusuka. Mkono wake naujua mimi." Nilikuwa nyuma ya pazia, nilisikia. Hujapata kunisifia hivyo tangu unioe, na nilikusamehe mengi siku ile.

Basi nikaja. Watu wa huku wema, nisiwasingizie. Chakula changu walikitenga, sufuria zangu mpya, chumba cha kusalia walinipa chenye dirisha. Wenzangu wasanii ni watu wa ajabu lakini hawana neno. Kuna Mjapani mmoja anaweka sikio kwenye pipa la wiski kutwa nzima, anasikiliza. Nikamwuliza kupitia Zuhura, linasema nini? Akajibu bado halijamaliza.

Nikaanza kusuka msala wa msikiti wetu. Na hapa nikwambie la kwanza linaloniumiza. Sikuusuka kwa ajili ya Mungu peke yake. Niliusuka uwafunge watu midomo. Nilitaka utandikwe pale mbele, Mzee Kombo awe anauona kila akiinua kichwa, ajue nimekaa kwenye kiwanda cha pombe na nimetoka na kitu safi.

Tatizo likawa baridi. Ukindu niliokuja nao ulikauka ukawa mkavu kama kuni. Kila nikiukunja unavunjika. Nyumbani nauloweka kidogo tu unalainika, huku maji ya bomba yenyewe yanauma vidole. Beseni walilonipa fupi, lazima uukunje ukindu katikati, na ukishaukunja umeuharibu. Nyuma ya karakana ya mapipa nikaona pipa limekatwa nusu, la mti mzito, limefungwa pete za chuma, kavu, safi, halina hata vumbi. Sikumwuliza mtu. Mdomo ninao, Zuhura ninaye, sikuuliza. Nikachemsha maji, nikayamwaga humo, nikatia ukindu, nikaufunika kwa gunia usipoe, nikauacha hadi kesho yake.

Ukalainika kama nywele za mtoto. Na ule ambao sikuutia rangi ukatoka na rangi yake mpya, hudhurungi ya kung'aa, kama asali. Nikafurahi, nikasema mti wa huku una dawa. Harufu? Baba Shabani, mahali pote hapa pananuka. Nguo zinanuka, mapazia yananuka, mkate unanuka. Pua yangu ilishazoea kama ya mchoma samaki. Nikausuka ukili, nikaushona msala, nikampa yule mwanafunzi wa Dar aliyekuwa anarudi, akakuleteeni. Mwenyewe ukanipigia, "Umefika, mke wangu, umefika."

Wiki iliyopita ikawa siku ya sisi kuonyesha kazi zetu. Wakaja wafanyakazi wa kiwanda, wake zao, na majirani. Mie nikasimama na kili zangu, naeleza, Zuhura anatafsiri. Nikawaambia namna ukindu unavyokatwa mtoni, unavyochanwa kwa ukucha, na namna nilivyoulainisha hapa kwao kwa maji ya moto ndani ya lile nusu pipa. Nilipofika hapo fundi wao wa mapipa, mzee mmoja mkubwa mwenye ndevu nyekundu anaitwa Angasi, akaanza kucheka. Wakacheka wote. Nikacheka nami, nikidhani nimesema jambo zuri. Zuhura akanivuta mkono.

Nikamwuliza, wanacheka nini?

"Bibi, twende nje kidogo."

"Sema hapahapa."

Akasema Mzee Angasi anaeleza wizi wa zamani. Pipa la wiski hata likimwagwa likakauka, mti wake umekunywa miaka na miaka. Zamani wafanyakazi waliokuwa wezi walitia maji ya moto kwenye pipa tupu, wakalifunika, wakaliacha lilale, na kilichotoka kwenye mbao kilitosha kumlaza mtu mtaroni. Na lile pipa langu lilikuwa limemwagwa na kukatwa mwezi uleule.

"Anasema umetengeneza pombe, Bibi," akasema Zuhura, "na umeunywesha ukindu."

Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu. Watu wakadhani nimeugua, wakaniletea kiti. Sikuwa nawaona wao. Nilikuwa namwona Maalim anaweka paji la uso wake juu ya ile rangi ya asali, na wewe nyuma yake, na safu nzima nyuma yenu.

Kesho yake Mzee Angasi alikuja mlangoni, kofia mkononi, amebeba hori jipya la bati wanalonyweshea kondoo, refu, ukindu unalala wote. Zuhura alishamweleza msala ulikokwenda. Uso wake ulikuwa mwekundu kuliko ndevu. Akasema kosa ni lake, alipaswa kunionya. Nikamwambia hapana. Nyumba ni ya watu, chombo ni cha watu, nimekichukua bila kuuliza. Hilo hata Mbegani ni kosa. Hori nimelipokea. Ukindu wote niliokuwa nimeuloweka nimeutia motoni kwa mkono wangu. Nilitaka nirudi nyumbani siku ileile, lakini kuna wanawake nimewaahidi kuwafundisha, na mie si mtu wa kula chakula cha watu nikaondoka kabla ya kazi.

Sasa sikiliza ninachotaka. Ukimaliza kusoma, inuka, nenda ukaukunje ule msala kabla hujaadhini. Usimtume mtu. Umwambie Maalim yote kama nilivyoyasema hapa, naye ndiye ajuaye hukumu ya sala zilizokwisha kusaliwa. Waliosali hawakujua, mzigo naubeba mie. Akisema unafuliwa kwa maji ukatakasika, msikilize, ana elimu yake. Lakini hata ukitakasika usiurudishe mle ndani. Umeshasikia niliusuka kwa nia gani.

Na Mzee Kombo mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, asisikie njiani. Najua atakachosema. Mwache aseme, safari hii ana haki.

Nawe nakujua. Utataka kunitetea. Utasema Wazungu wamemfanyia mke wangu hila, au hakuambiwa, au pipa lilibadilishwa. Usiseme hivyo. Sema mke wangu amekosea. Ulisimama ukasema mkono wangu unaujua, na ni mkono huohuo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, zaidi ya Kombo, zaidi ya Maalim. Nimekuwa mkeo tangu kanzu yako inaburuza chini, sijapata kukuangushia uso mbele ya watu. Nimekuja kuuangusha nikiwa sina hata meno ya kutosha.

Nisalimie dada yangu wa Lugoba akija, umwambie dawa yake ya miguu ipo jikoni kwenye kopo la maziwa, asitie tena kwenye macho. Msalimie Mwanaidi na mumewe, na wajukuu wote wa Kerege, yule mdogo umbusu kichwani na umwangalie masikio, mama yake hayasafishi. Msalimie Maalim, kama baada ya haya ataipokea salamu yangu. Mke wa Kombo msalimie pia. Yeye hakuwahi kunisema, na ndiye atakayesikia mengi usiku.

Mwezi ukiandama nitarudi. Shabani mwanetu najua atakuja uwanja wa ndege, anajua njia. Wewe sikulazimishi. Goti linauma, na watu watakuwa wamesema mengi. Ukiona huwezi kusimama mbele za watu ukanipokea, baki nyumbani. Sitakuuliza sababu, wala sitanuna, nitaingia jikoni nikupikie kama siku zote. Lakini nikitoka pale mlangoni nitaitafuta kwanza kofia yako, mume wangu, kabla sijaangalia uso wa mtu yeyote.

Ni mimi mkeo,
Mama Shabani

Hapa chini nimeweka dole gumba langu mwenyewe. Zuhura alitaka aniandikie jina, nimekataa.