Makanda Mbele ya Bwana wa Chumvi

Mtaa wa Dunda,
Bagamoyo.
14 Agosti, 1951

Mpendwa Shangazi Mwanabaraka,

Shikamoo. U hali gani huko Tanga, na magoti yamepoa? Sisi tu wazima, ila mdogo wangu Adija ana kikohozi, nacho kinapungua, alhamdulillahi.

Shangazi, nakuandikia kukushukuru. Makanda yetu, mifuko yetu ya ukindu, yamekubaliwa! Kule kwenye mashamba ya chumvi wataendelea kuyanunua, hawaleti tena magunia badala yake.

Lakini ilibaki kidogo tuangamie. Unajua desturi yetu, mwanamke hasemi shemeji yake akiwapo, basi tukamtanguliza shemeji Bwanausi. Akamsalimu bwana mkubwa wa chumvi, akamwulizia mke na watoto, kisha akaanza ukoo wetu tangu babu aliyetoka Winde. Hajafika kwenye harusi ya babu huyo, bwana mkubwa kachukua kofia yake, katoka. Makanda hata hayakutajwa. Njiani nilicheka, nyumbani nikalia, maana sisi wajane wa mtaa huu hatuna kazi nyingine.

Karani wake akatuombea nafasi ya pili, akasema ndiyo ya mwisho. Nikakumbuka ulivyonifunza ulipokuja Idi: mnunuzi haonyeshwi ukoo, huonyeshwa mali, sema machache, kisha nyamaza. Nikamkalisha binti yangu Sada na ungo wa mchele, nami nikajizoeza kumaliza maneno yangu kabla hajamaliza kupeta. Mara ya kwanza alipeta, akapika, na wali ukaiva, mimi bado nasema.

Siku ilipofika Bwanausi mwenyewe akaniambia, "Nenda wewe, shemeji. Ulimi wangu hauna breki." Nikaweka mezani gunia walilolijaribu msimu uliopita, na kanda la msimu huohuo.

"Bwana, hivi vyote vimebeba chumvi yako. Viinue."

Gunia likachanika, chumvi ikamwagika hadi viatuni mwake. Kanda likainuka zima. Nikasema, "Tunaomba tuendelee kusuka," nikanyamaza. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi, Shangazi! Nilitaka kuomba radhi ya vile viatu, nikauma ulimi. Akaliinua kanda mara ya pili, akalitazama upande wa chini, akamwambia karani aandike makanda.

Wenzangu walikuwa nje juani, wakauliza, "Mwanvita, amesemaje?" Nililia tu, nao wakadhani tumenyimwa, wakalia pia, mpaka karani akatoka kuwaambia. Jioni Bi Zuleha, aliyekwisha kugawa sindano zake zote za kushonea makanda kwa kukata tamaa, alikuja kuazima yangu.

Ahsante, Shangazi. Umetulisha na hukuwapo.

Nisalimie mumeo Mzee Majaliwa, na Dija wa huko Tanga na wanawe. Bwanausi naye anakusalimu, salamu ndefu ambazo karatasi hii haizitoshi. Mungu akupe afya, akuzidishie na umri.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Mwanvita