Baba Aliongeza Sauti ya Kwaya

Koku mdogo wangu,

Ndizi nimeshamenya, wewe zipike. Funga khanga safi za Mama, nitazipitia nirudi nazo hospitali. Asubuhi breki zilifeli mteremkoni Pasiansi, gari likagonga ukuta upande aliokaa Mama. Bado hajafumbua macho.

Nilimwambia Baba breki zinasaga, chuma kwa chuma. Akanicheka: "Wewe tunga mashairi yako. Gari hili limebarikiwa na padre." Akaongeza sauti ya kwaya kwenye redio ya gari mpaka kelele ikafunikwa.

~~Akirudi, mwambie nilimwonya.~~

Usimwambie kitu. Nimemwacha nje ya wodi, amepakata viatu vya Mama, anavifuta vumbi kwa tai yake. Akija navyo, leo usimpokee. Mwache aingie navyo mwenyewe.

Kaka yako