Kichaka cha Mama na Maji ya Baba

Mgogoni, Jumatano. Mvua imeanza alfajiri, ikakatika baada ya adhuhuri, jua likachungulia kidogo, na sasa Magharibi imeshapita inanyesha tena. Nguo nilizofua juzi bado zinanuka uvundo kwenye kamba ya ukumbini. Sina hamu ya kula wala ya kuzungumza na mtu, ndiyo maana nimekuja kuandika hapa.

Kichaka cha mama kimekufa.

Nimeiandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena. Kwa kweli kimekufa zamani kidogo, ila leo ndiyo nimekosa pa kujificha. Na wewe unayesoma, kama yupo anayesoma, usinicheke kwamba mwanamke mzima anaombolezea ua. Ngoja nieleze.

Mama alikwenda Lushoto kumtazama kaka yangu aliyeoa huko, akarudi na mbegu kazifunga kwenye pindo la kanga. Wenzake wakitoka bara huleta viazi na matunda. Yeye alileta mbegu za ua la milimani, ua ambalo ukilichuma na kuliweka ndani, mwaka unapita na rangi yake ya njano haigeuki. Petali zake ni kavu tangu siku linapochanua. Ukilipapasa linachakarika, ndiyo mama akaliita ua la karatasi, na sisi tukalifuata jina hilo. Majani yake ni ya kijivu, yana manyoya laini kama sikio la paka.

Majirani walimcheka sana. Kwetu ua lisilonukia, ambalo si asumini wala mrehani, mtu anakuuliza waziwazi ni la kazi gani. Mama akawajibu kwamba asumini zao jioni zinatamba na asubuhi zimekuwa kahawia, lakini lake litawazika wote.

Lilianza kwa kumzika yeye.

Alikuwa na namna yake ya kuliotesha, aliyofundishwa na wifi yangu. Mbegu hakuzifukia. Alizimwaga juu ya mchanga, akazikandamiza kwa kiganja na kuziacha wazi, kwa sababu mbegu ile haioti isipoona mwanga. Akachagua lile tuta la mchanga na vifusi lililobaki tulipojenga chumba cha nyuma, mahali ambapo hata magugu yalikuwa yakisita kuota. Jua linapapiga pale kutwa nzima. Maji alikuwa akiyatia akikumbuka, na mama hakuwa mtu wa kukumbuka. Kichaka kikapanda mpaka kiunoni.

Tena kilikuwa na kazi, kinyume na walivyosema majirani. Maua yale jua likiwaka yanafunguka, na hewa ikianza kushika unyevu yanajifunga yenyewe. Msimu wa karafuu mama alikuwa akichungulia kwenye mlango wa jikoni, ayatazame kwanza, ndipo aamue kama majamvi yaanikwe au karafuu zibaki ndani. Sijawahi kumwona akikosea, ingawa na yeye alikuwa akijisifia pale alipopatia na kunyamaza pale alipokosa.

Sasa baba. Baba yangu maisha yake yote alikuwa mtu wa kitalu cha mikarafuu. Nusu ya mikarafuu michanga ya upande huu imepita mikononi mwake. Na mche wa mkarafuu ni kama mtoto njiti, unataka kivuli cha makuti, unataka maji asubuhi na jioni, na jua kali likiupata siku moja tu umekwisha. Hayo ndiyo mapenzi anayoyajua baba. Mtu wa huku akitaka kukitunza kitu kichanga, anakifunika na kukinywesha.

Mama alipofariki mwaka jana, tulisoma hitima, watu wakatawanyika, baba akaingia chumbani na hakutoka. Alisali humo humo. Chai nilikuwa nikiiingiza ya moto na kuitoa ya baridi. Shangazi yangu Bi Mize, dada yake baba, alikuwa akija kutoka Konde kila Ijumaa kumgombeza, na baba alikuwa akimsikiliza akiwa amegeukia ukuta. Nilikuwa nikilala nikiogopa kwamba nitamzika na yeye kabla ya mwaka kwisha. Hilo sijamwambia mtu.

Halafu asubuhi moja nikasikia kishindo uani. Nikatoka mbio. Baba alikuwa amekwisha kuchimbia miti minne kuzunguka kichaka cha mama na anatandika makuti juu yake. Akaniambia kinaungua. Akashika kata, akachota maji kwenye pipa, akakimwagilia taratibu mpaka mchanga ukawa tope. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikilia kwa furaha. Angetaka kuhamishia kisima kizima pale ningemsaidia.

Mwezi haukupita, majani ya chini yakaanza kuwa meusi. Nikampigia wifi yangu simu, akashangaa: jua, mchanga, na msikiguse, basi! Nikakaa na baba kwa adabu, nikamweleza kwamba huu si mkarafuu, huu unapenda jua na hautaki maji mengi. Akaiweka kata chini.

"Haya, mwanangu," akasema.

Kesho yake hakutoka chumbani. Wala siku iliyofuata. Ijumaa alipokuja Bi Mize akanikuta na ile sinia ya chai iliyopoa, akanivuta jikoni na kunifokea kwa sauti ya chini.

"Mwache amwagilie! We wataka kipi, uwa au baba'ko?"

Nilikwenda nikabisha hodi, nikamwambia baba kwamba kichaka kinaonekana kina kiu. Aliinuka kabla sijamaliza kusema.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikiangalia kinakufa. Mizizi ikioza kichaka kinanywea, na kikinywea baba anaona kina kiu, basi anaongeza. Hata siku za mvua alikuwa akitoka na kata, mwavuli mkono mmoja. Watoto wa jirani walikuwa wakimcheka, na mimi nikiwafukuza kwa ukali wasioustahili.

Nikasema basi, nitakiokoa kwa mlango wa nyuma. Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye baraza ya duka Konde, na mwenye duka akaniruhusu kupanga makopo ya maziwa juu ya ukuta wake unaopigwa na jua. Nilikata vitawi visivyo na maua, nikavipukusa majani ya chini, nikavichomeka kwenye mchanga mnene kama wifi alivyonielekeza. Mchanga uwe na unyevu lakini usilowe, alisema. Yeye yuko milimani kwenye upepo mkavu. Hapa kwetu masika hewa yenyewe imelowa, hata chumvi kwenye kopo inageuka maji. Vitawi vikaota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa. Nikajaribu na mbegu, nikazimwaga juu ya mchanga kama mama. Zikachipua nyembamba kama nyuzi, nikafurahi, nikaamka nikazikuta zimelala zote. Nikizifunika kwa nailoni zinatoka jasho, nikizifunua zinapigwa na mvua. Sina mkono wa mama, na sina subira ya baba. Ninachojua ni kushona.

Leo asubuhi kilibaki kitawi kimoja. Nilikuwa nimejizuia kukigusa, leo nikashindwa, nikakivuta kidogo nione kama kimeshika. Kikatoka chote. Hakikuwa na mzizi hata mmoja, na ncha yake ilikuwa nyeusi inateleza. Nikalitupa kopo jaani, nikarudi kwenye cherehani na kuishona kombo sare ya skuli ya mtoto wa watu, nikaifumua, nikaishona tena.

Nimefika nyumbani baada ya Alasiri. Jua lilikuwa limetoka, na maua ya mama yalikuwa yamefunguka, yote, ya njano yanang'aa.

Hilo ndilo lililokuwa likinitesa kuliko yote. Kichaka kimekufa lakini maua hayana habari. Kwa kuwa petali zake ni kavu tangu mwanzo, yanafunguka kwa jua na kujifunga kwa unyevu hata yakiwa kwenye tawi lililokufa. Baba ana mtoto wa jicho. Majani ya juu yalikuwa ya kijivu yakiwa hai na ni ya kijivu yakiwa yamekufa. Kila jua likitoka ananiita, "Njoo utazame, kaamka leo," anakitaja kama mtu. Na mimi, kwa wiki kadhaa sasa, nimekuwa nikimjibu, ndiyo baba, kaamka.

Leo nimemkuta amekaa kwenye kigoda pembeni yake, kanzu safi, uso umekunjuka. Ameniambia Ijumaa anataka kwenda kaburini kwa mama na anataka kumpelekea ua moja. Kabla sijasema kitu akanyoosha mkono, akapapasa shina la ua, akavuta.

Mashina yale ni magumu, mama alikuwa akiyakata kwa kisu. Leo kichaka kizima kimemfuata mkononi. Kimetoka kwenye tope bila hata kugoma, mchanga ukamwagikia miguuni, na harufu ikatoka kama ya kitambara cha jikoni kilicholala na maji.

Baba akakilaza mapajani, akapeleka vidole mpaka pale mizizi inapotakiwa kuwa. Macho yake hayaoni vizuri lakini vidole vile vimeshika miche isiyo na idadi. Akasugua ule uozo kati ya kidole gumba na cha shahada, akanusa. Mimi nilikuwa nimesimama na mkoba bado uko begani. Nilikuwa na maneno tayari, mvua, mchwa, mchanga mbaya, lolote.

"Maji yamemuua," akasema. "Maji yangu."

"Ni masika, baba. Mwaka huu mvua zimezidi."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa upole, kama vile mimi ndiye ninayehitaji kubembelezwa. Alijua. Sijui alijua leo au amejua muda mrefu, na sikuwa na ujasiri wa kumuuliza.

Kisha akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti na kanzu yake safi kwenye tope. Akalipanua shimo kwa mkono. Akakirudisha kichaka ndani, akakinyoosha, akakishindilia mchanga pande zote kwa viganja viwili kama alivyokuwa akipanda miche yake kitaluni. Alipomaliza kilisimama vizuri. Mtu angepita njiani na kuyaona yale maua angesema mashaallah, kichaka hiki kimeshiba.

"N'letee maji, mwanangu," akasema, bila kunitazama.

Nilitaka kukataa. Nilitaka kupiga kelele kwamba imetosha, kwamba kimekufa, kwamba mama amekufa, na kwamba hata mimi nimechoka. Nikaweka mkoba chini, nikaenda kwenye pipa, nikachota kata ikajaa, nikampelekea kwa mikono miwili.

Akakimwagilia polepole, akizunguka, mpaka tone la mwisho.

Sasa amelala. Chakula alikula kidogo, zaidi kidogo ya nilivyotarajia. Nimekaa nasikiliza mvua kwenye bati na najiuliza kama kuna binti mwingine duniani aliyempa baba yake maji ya kumwagilia kitu kilichokufa, na kama alifanya vizuri au vibaya.

Kesho siombi makubwa. Naomba nikiamka nisikie mlango wa uani unafunguliwa. Ndoo nimeshaijaza, nimeiweka pale pale mlangoni, na kata juu yake.