Mchungaji Aliyekula Matobolwa

Mjukuu wangu Shija,

Marahaba. Bibi yako anapalilia mpunga, hajambo. Mimi mdogo wake, bibi yako mwenye mtoto mchanga, naandika huku nanyonyesha.

Umeuliza, kati ya wachungaji waliopita kanisani kwetu Methodisti, namkumbuka nani zaidi. Mmoja alipaua kanisa, mwingine alianzisha kwaya. Nawashukuru wote. Lakini namkumbuka yule aliyekaa mwaka mmoja tu.

Mchungaji mgeni hapa hulishwa nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Mume wangu wa kwanza alikwenda machimboni Rwamgasa, hakurudi. Wazee wa kanisa wakairuka nyumba yangu. "Tusimwelemee," walisema. Nikaona sihesabiwi tena.

Jumamosi moja mchungaji yule, ndiyo kwanza amefika, akapiga hodi. "Mama Neema, hapa kwako zamu ni lini?"

"Mchungaji, nina matobolwa tu."

"Na karanga?"

"Zipo."

Akavua viatu, akaketi mkekani, akatafuna viazi vile vikavu mpaka nikacheka. Jumapili akatangaza, "Nyumba ya Mama Neema imeshanilisha. Wengine mnangoja nini?"

Tangu hapo hawajaniruka. Mchungaji mpya anafika Jumatano, na anaanzia kwangu.

Soma kwa bidii, na ule vizuri.

Bibi yako mdogo,
Mama Neema