Usirudie Tena

Ijumaa, baada ya magharibi

Wiki tatu! Wiki tatu nimeibomoa kazi yangu kwa mikono yangu mwenyewe.

Programu ya kupanga zamu za malori ya korosho bandarini niliiandika kwa fanksheni tupu, vijisehemu vya msimbo vinavyoitana, na ilikuwa safi. Lakini ilijikokota, madereva wakawa wanapiga honi getini, bosi akanigombeza mbele ya ofisi nzima: "Zaina, hiyo lugha yako ni ya darasani. Andika kama wenzako."

Nikaandika kama wenzangu. Fanksheni moja baada ya nyingine nikaigeuza mizunguko, maagizo yanayorudiwa mpaka kazi iishe. Bado ikajikokota.

Leo ndiyo nikamtazama Saidi, fundi wetu wa kompyuta, akiiandaa programu ianze kutumika. Kumbe anaiambia kompaila, ile inayotafsiri ninachoandika, itoe msimbo unaosomwa na programu nyingine hatua kwa hatua, badala ya maagizo ambayo prosesa inayatekeleza yenyewe!

"Dada, kipindi kile umeme ulikuwa unakatika kila saa," akajitetea. "Njia hii inamaliza kuandaa upesi. Ile nyingine ilikuwa inakatikia njiani."

Umeme umetulia tangu lini? Na mimi, kwa nini sikuuliza siku ya kwanza?

Nikairudisha programu ya zamani, nikabadilisha chaguo hilo moja tu. Orodha ya malori ikatoka kabla sijaweka kikombe mezani.

Bosi akacheka. "Umeona? Nilikwambia mizunguko itasaidia."

Nikamwambia humo hamna mzunguko hata mmoja, ni ile ile aliyoikataa.

"Sawa," akasema, "ila usirudie tena."

Nisirudie nini?