Wimbo wa Kiatu Si Wimbo wa Kilio

Mwaka umetimia, Baba Zidoro, tangu tukulaze kule Lweba, na hasira yetu haijapoa. Watu walituambia tungoje tu: matanga yakiisha, mvua ikinyesha mara mbili tatu juu ya kaburi, moyo utatulia wenyewe. Haukutulia. Na mama yetu Godelieve, mke wako, ndiye aliyetukataza kuandika maneno laini. "Mumuandikie kweli," alisema. "Muzee hakukuwa anapenda bongo."

Basi, bila bongo wala uongo, ukweli ni huu. Kumbukumbu hii haisomwi kwa radio. Radio ilikubali kuisoma, lakini kwa sharti wimbo wako upigwe chini ya maneno, ule wa kila asubuhi, jinsi wanavyoupiga wao. Mama amekataa katakata. Ndiyo maana tumeibandika kwenye mlango wa kanisa na kwenye nguzo za soko la Baraka, na kila apitaye atusikie tukizungumza na wewe.

Wengi watakaopita hapo hawajui ulikuwa nani. Wanamkumbuka mzee mwembamba wa kofia, aliyeshona suruali barazani kwake na kunywa chai ambayo ilikuwa sukari tupu. Hawajui kwamba tangu miaka ya mwisho ya Wabelgiji ulikuwa na orkesta yako, Lweba Jazz: gitaa mbili, klarineti iliyotoka kwa mapadri, ngoma, na makopo ya mbegu za kutikisa. Neno jazz lenyewe ulisema huna hakika maana yake. Ulijua tu kwamba orkesta isiyo na neno hilo kwenye bango haipati wachezaji.

Ulikuwa mkali, Baba. Mpiga ngoma akija na shati chafu ulimrudisha kwao akafue, hata kama ukumbi umeshajaa. Hukuanza wimbo kabla kila mama hajakaa, na waliotoka shambani wamechoka uliwapigia wimbo wa taratibu kwanza, "ili miguu isalimiane na chini." Mlipanda hadi Bibokoboko, kule milimani, kwenye arusi ya wafugaji, na wale Waprotestanti hakucheza hata mmoja. Walisimama wima kama wako kwenye mahubiri, wakasikiliza mpaka mwisho, wakawapa maziwa, halafu mzee wa nyumba, Nsengiyumva, akaomba mrudie wimbo wa tatu. Ulipenda sana kutusimulia hiyo. Leo, kwa vita hivi vya milimani, nani atapanda njia ile na gitaa mgongoni? Hilo nalo limo ndani ya hasira yetu.

Sasa tuje kwenye wimbo.

Godelieve alikuwa msichana wa Baraka. Alikuja Lweba na dada zake kucheza, akacheza mpaka ukanda wa kiatu ukakatika, kiatu kikaruka kikaangukia miguuni pako, mbele ya orkesta nzima. Aliona haya, akakimbia peku. Wiki iliyofuata ulikuwa umeshatunga: "Godi amekwenda, nani atamurudisha? Kimebaki kiatu, kinamuita." Ni wimbo wa kumchokoza binti. Unakwenda mbio, na mwimbaji anaimba huku anacheka. Ulimuimbia hivyo hadharani, mji mzima ukijua Godi ni nani, mpaka akaja mwenyewe kudai kiatu chake, na wewe ukaenda kwao kujibu maswali ya baba yake.

Uhuru ulikuwa bado mpya mliposhuka kwa meli hadi Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, mkarekodi diski mbili ndani ya chumba kilichozibwa madirisha kwa magodoro. Ulikuwa kijana, na sauti yako ilikuwa nyembamba. Vita vikaja, orkesta ikatawanyika. Diski moja iliungua pamoja na nyumba. Ile ya Wimbo wa Kiatu, Mama aliifunga ndani ya kitenge akavuka nayo ziwa mpaka Kigoma, akakaa nayo ukimbizini, akarudi nayo. Hapakuwa na mashine ya kuipigia. Aliitunza tu.

Kwa hiyo radio ya hapa ilipofunguliwa, uliwapelekea diski kwa mikono yako, na furaha tele. Walikuwa na mashine ya zamani iliyokwama kwenye trente-trois, mwendo wa polepole. Diski yako ni ya quarante-cinq, inataka mwendo wa haraka. Sauti ya kijana ikatoka nzito, ya mzee aliyevunjika moyo, na wimbo wa kucheza ukatoka kama watu wanabeba jeneza. Hawakuuliza mtu. Walisikia tu "Godi amekwenda, nani atamurudisha," wakaona wamepata wimbo wa matangazo ya vifo. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kusomwa majina ya marehemu, Baraka nzima inamlilia mama yetu, naye yuko jikoni anawasha makaa.

Ulikwenda kuwaambia. Wakakujibu, "Muzee, batu bameshazowea. Inaliza batu muzuri." Ulirudi ukakaa kwenye cherehani yako, ukashona mpaka giza. Baadaye watu wakaanza kukupa pole ya mke wako wa kwanza, yule Godi wa wimbo. Sokoni mama mmoja alimuuliza Mama, kwa upole kabisa, kama marehemu Godi alikuwa dada yake mkubwa.

"Njo mimi huyo Godi," Mama alimjibu, na yule mama akavuta beseni lake la samaki wa ndagala kando kidogo.

Tulicheka siku hiyo. Siku ya kukuzika hatukucheka. Walileta bafle kubwa ya kutolea sauti, wakaupiga wimbo kwa mwendo ule ule wa radio, na watu wakainamisha vichwa. Mama akasimama.

"Muzime," alisema. "Huyu si yeye."

Wakadhani huzuni imempanda kichwani. Wanawake wakamshika mabega, wakamkalisha, wakampa maji, na wimbo ukaendelea mpaka mwisho. Mke wako alishikwa kwa nguvu asikutetee kwenye mazishi yako mwenyewe. Hilo hatujasamehe, na tunalisema wazi hapa mlangoni pa kanisa.

Mwezi uliopita alimchukua dada yetu Florentine, binti yako mkubwa, wakaenda radio. Walimkuta Vainqueur, anayesoma matangazo siku hizi. Ni kijana wa adabu, aliwapa viti. Florentine akamuuliza kama mashine yake ya kompyuta, ambamo wimbo ulihamishiwa na mwendo ule ule mbaya, inaweza kuuongezea mwendo. Vainqueur akabonyeza, akabonyeza tena, basi. Muda huo hata maji ya kunywa hayangekuwa yamefika mkononi. Miaka yote ile, Baba, na kazi yenyewe ilikuwa hiyo tu.

Nawe ukaanza kuimba.

"Huyu nani?" Florentine aliuliza.

"Ni papa yako," Mama alisema.

Florentine alizaliwa orkesta imeshakufa. Ana wajukuu sasa, na ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kumsikia baba yake akiwa kijana. Alilia pale kitini bila kujificha. Mama hakulia. Macho yake yalikuwa chini ya meza, ambako mguu wa Vainqueur ulikuwa unacheza wenyewe.

Wimbo ulipoisha Vainqueur alitikisa kichwa. "Iko muzuri sana, Mama. Lakini hii iko ya kucheza. Nikiiweka mbele ya majina ya benye bamekufa, batu batasema tunabacheka."

"Basi toa ile ingine," Mama alisema. "Ku kanisa nyimbo za kilio ziko mingi. Kamata moja."

"Batu banapenda ile. Hauone venye banalia?"

"Banamulilia nani? Godi ni mimi. Niko hapa, nimekaa ku kiti yako."

Vainqueur akasema, kwa heshima yote, na kwa kutaka kumfariji kweli, "Usijali, Mama. Hata siku yako ikifika tutaiweka. Pale itakuwa yako kabisa."

Florentine alipanguza macho, akampa simu yake, akamwambia aweke humo wimbo wa mwendo wa kweli kabla hawajatoka, la sivyo watalala hapo. Aliuweka. Mama alikuwa ameshasimama mlangoni. "Mutoto wangu," alimwambia Vainqueur, "siku yangu ikifika, we nyamaza."

Tangu siku hiyo hana neno lingine. Amezeeka, Baba, na anajua. Haogopi kufa. Anachoogopa ni kwamba atakufa, na asubuhi yake sauti ile isiyo yako itamlilia kwa jina lake, na watu watasema, kumbe wimbo ulijua. Anataka mji huu ujue, yeye akiwa bado anapumua, kwamba hukumuimbia kaburi. Ulimuimbia msichana aliyekupendeza, na msichana akakubali.

Kwa hiyo Jumamosi hii, baada ya misa, mchana kweupe, wimbo utapigwa nyumbani kwako Baraka kwa mwendo wake. Atakayekuja na uso wa matanga tutamrudisha kutoka langoni. Wa radio wamealikwa wote, waje wasikie walichokuwa nacho. Mama ndiye atakayefungua dansi. Magoti yanamuuma, Florentine amemsihi apunge mkono tu, inatosha. Amemjibu kwamba mkono haukuwahi kumpatia bwana.

Wanaokukumbuka ni mke wako Godelieve, mzima wa afya na wa hasira, watoto wako Florentine, Wilfried na Clarisse, wakwe zako, wajukuu na vitukuu wa Baraka, Misisi na Kigoma, na mzee Raphaël wa klarineti, aliyebaki peke yake katika Lweba Jazz.

Hatutakusahau kamwe, Baba. Wala hatutakubali tena ukumbukwe vibaya.